Watu Kama Yeye Hawakosei

6 Februari

Mpwa wangu Rula,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na ile mashine ya mvuke mliyokuwa mkiilalamikia imeshatengenezwa. Huku hatujambo. Mama yako goti limemrudia. Daktari kamwambia apunguze ngazi, naye kamjibu kwamba ngazi zilipojengwa hazikumwomba daktari ruhusa. Binamu yako mkubwa amehama tena, mara ya tatu ndani ya miaka miwili, na kila akihama anakuja kuazima mkokoteni wangu uleule. Mimi nipo. Gazeti lilipofungwa nilidhani nitapumzika. Huu mwaka wa sita sasa nakaa kwenye kile chumba chenye sponji ukutani, nawatilia maneno ya Kiswahili watu wanaopigana kwenye filamu za kigeni.

Jambo lenyewe ni hili. Ile filamu niliyokudokezea mwaka jana imetoka, na imeshika. Mhusika mkuu ni mwanamke mwenye usonji. Anakagua mizigo kwenye ghala, anagundua kontena lisilopaswa kuwepo, wanakuja kumuua, anawaua yeye. Ni watu kumi na saba. Naijua idadi yao kwa sababu kila anayekufa lazima apige ukelele, na ukelele nao ni kazi yangu. Maneno niliyoyaandika yanasemwa mitaani. Juzi kinyozi ameyasema huku kashika kichwa changu, wala hajui kwamba ni mimi.

Ningependa uione uniambie unaionaje. Katika ukoo huu ni wewe tu unayeweza kuniambia. Na haya si mambo ya simu, hata kama ungeipenda simu.

Mjomba wako.


19 Februari

Mjomba, shikamoo.

Marahaba yako itachukua siku kumi na mbili kwenda na kurudi, kwa hiyo nimeihesabu kuwa imeshafika. Mimi mzima. Mashine ya mvuke ilitengenezwa tarehe 28 Januari, ikaharibika tena tarehe 3. Mwambie Mama akipanda ngazi atangulize mguu mzima, akishuka atangulize mbovu. Kila siku hapa hospitali nawasikia wakiwafundisha hivyo wagonjwa wa mifupa.

Nilikwenda kuiona filamu. Nilikaa dakika tisa. Sauti ilikuwa kubwa mno, nikatoka, nikakaa kwenye ngazi nimeziba masikio. Mkata tiketi akaniuliza, "Dada, imekutisha?" Nikamwambia hapana, imeniumiza. Akasema, "Mbona hata ngumi hazijaanza?" Filamu inamhusu mtu kama mimi, na mtu kama mimi hawezi kukaa mle ndani. Nakuambia kwa sababu labda hilo halikuwapitia akilini.

Baadaye Bi Miwani, mwenzangu wa zamu, alinionyesha kwenye simu yake bila sauti, saa ya chakula, kwa siku nne. Kwa hiyo nimeiona yote, ila maneno yako sikusikia hata moja. Samahani.

Umeuliza naionaje. Huyu dada hana mama. Hana jino linalouma. Hajawahi kusahau funguo. Risasi zinalia chumba kizima na masikio hayamsumbui, halafu kwenye ile sherehe muziki unapigwa kidogo tu, anaziba masikio, kwa sababu hapo wanataka tumwonee huruma. Anapigwa mara sita na hasemi hata "aa". Mimi lebo ya shati ikinikwaruza shingoni siwezi kufanya kazi mpaka niikate. Na mwishoni yule kachero anamshika mkono, anatabasamu, watu wanafurahi kwamba amekuwa binadamu. Tangu mwanzo alikuwa nani?

Ila anavyopanga viatu vyake, hilo ni kweli.

Hapa kazini wameiona karibu wote. Mfua mashuka alinikuta kwenye korido akainua mikono juu: "Dada usiniue, nina watoto!" Nikamwambia ana mtoto mmoja. Walicheka sana. Mkuu wetu wa chumba anasema yule mwanamke anaongea kama mimi kabisa, utadhani ni mimi niliyetia sauti. Hiyo imetokea tu?

Mpwa wako,
Rula


3 Machi

Rula, marahaba.

Mama yako kaipokea hiyo ya mguu mzima na mguu mbovu, sasa anawafundisha majirani ambao hata magoti hayawaumi. Paa la jikoni kwangu limeanza kuvuja. Vinginevyo tunasukuma siku.

Uliyoyasema ni kweli, na sina nguvu ya kubisha. Kwa miaka hii sita nimetilia Kiswahili filamu kumi na nne za ngumi na risasi zenye mtu wa namna hiyo. Studio tunamwita Kikokotoo. Fundi mitambo akiona tu mtu kakaa peke yake anatazama ukuta, piano inalia polepole, ananigeukia: "Mzee, Kikokotoo huyo. Kanywe chai, hana maneno mengi." Kuna Kikokotoo wa kufungua makufuli ya siri na Kikokotoo wa kuua. Yupo pia anayefanya yote mawili kisha anakufa ili shujaa apate wa kumlilia. Sijamwona hata mmoja aliyechoka. Risasi ikimpata, anaitazama kama doa la chai.

Wanaoandika huko hawajawahi kukaa meza moja na mtu kama wewe, na sisi tunaopokea tunapokea mzigo kama ulivyofungwa. Nilikuwa mwandishi wa habari miaka ishirini na sita na sikuwahi kumtia mtu maneno mdomoni. Sasa ndiyo kazi yenyewe. Mdomo ukifunguka kwenye kioo lazima kitu kitoke, ukifungwa lazima kiwe kimekwisha. Maana inakuja ya tatu.

Sehemu ya pili ya filamu hiyo inatengenezwa. Tajiri, mwenye studio, amesema itakuwa yangu. Yule dada aliyetia sauti amesifiwa sana. Anajua kusikiliza.

Mjomba wako.


11 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Mimi mzima wa mwili. Weka beseni la bati chini ya hilo paa, la plastiki hupasuka. Hukulijibu swali langu la mwisho, lakini sasa nina jingine kubwa zaidi.

Kazi yangu unaijua kwa jina, hujawahi kuiona. Vifaa vya upasuaji vikitoka kuoshwa tunavipanga kwenye trei, kisha trei inafungwa na kuingia kwenye mvuke. Trei kubwa ya tumbo ina vifaa arobaini na viwili. Mmoja anasoma orodha kwa sauti, mwingine anakigusa kila kifaa kwa kidole na kusema, "Kipo." Bi Miwani anasoma, mimi nagusa. Tumefanya hivyo miaka kumi na moja.

Tarehe 15 Machi Mkuu alimhamishia Bi Miwani kwenye dirisha la mapokezi kwa sababu watu hawatoshi. Nikamwambia trei siziwezi peke yangu. Akacheka. "Wewe? Acha utani bwana. 'Watu kama mimi hatukosei!'" Nikamuuliza nani kasema. "Wewe! Kwenye filamu!" Katika daftari la zamu akaandika: Trei, Rula peke yake. Msomaji hahitajiki. Watu kama yeye hawakosei. Hakuwa na ubaya. Alikuwa ananisifu, na mtu akikusifu watu hawaelewi unapokataa.

Tarehe 29 trei ilifika chumba cha upasuaji bila koleo moja la kubania mshipa. Mgonjwa alikuwa ameshapewa nusukaputi. Walisubiri dakika ishirini na sita mpaka likaletwa jingine. Mgonjwa yuko salama, nimeuliza mara mbili. Mjomba, nikisoma na kugusa mwenyewe, jicho likishaliona jina kwenye orodha, kidole kinakiona kifaa hata kama hakipo. Ndiyo maana huwa tuko wawili.

Nimesimamishwa. Kamati inakaa tarehe 6 Mei. Kabla ya hapa nilijaribu sehemu saba na zote zilinishinda, unakumbuka. Nikitolewa kwenye trei nitaacha chumba changu na kurudi kwa Mama, nikiwa na miaka thelathini na nne.

Nimeitazama tena bila sauti ile sehemu ya filamu yenye maneno hayo. Ni dakika ya 71, kwenye ngazi za dharura. Amekaa, midomo inatikisika kidogo sana. Haonekani kama mtu anayesema sentensi. Kwenye karatasi ya filamu uliyopewa kutafsiri, pale pameandikwa nini?

Naomba nakala ya ukurasa huo na barua yako kwa kamati, vifike kabla ya tarehe 6.

Rula


24 Aprili

Mpwa wangu,

Pole. Pole sana. Nimeisoma barua yako nikakosa hamu ya kula.

Mama yako sijamwambia, goti linamtosha. Beseni la bati nimeweka, linalia usiku kucha kama saa ya ukutani. Mkokoteni umerudi bila gurudumu moja, na binamu yako anaapa uliondoka hivyohivyo.

Kuhusu kamati, ushauri wangu ni uwaeleze kwa utulivu. Kazi yako inajulikana. Wale ni watu wa hospitali, ukiwapelekea habari za filamu watakuona unatafuta pa kujifichia. Tena makaratasi yale ni ya Tajiri na hayatoki studio, tuliwekeana saini. Hayo mengine tutaongea tukionana.

Usikae na njaa.

Mjomba wako.


8 Mei

Mjomba, shikamoo.

Bi Miwani anakusalimu. Hakujui, lakini yeye husalimia.

Kamati ilikaa saa moja na nusu. Mwenyekiti aliniuliza, "Wewe huwa unakosea?" Nikasema ndiyo, nikawapa tarehe. Ni mara nane kwa miaka kumi na moja, na zote Bi Miwani alizikamata kabla trei haijafungwa. Huwa naziandika. Nilidhani wataona kwamba dawa ni kuwa wawili. Mwenyekiti akamgeukia katibu: "Andika, anakiri." Mjumbe mmoja, daktari wa meno, akasema, "Ajabu. Mimi nilidhani hawa hawakosei." Alinitazama kama mtu aliyeuziwa saa bandia.

Nikasema hayo ni maneno ya filamu. Wakaniuliza nina ushahidi gani kwamba Mkuu aliyatoa huko, na kama si kweli, kwa nini filamu iseme. Sikuwa na la kuwaonyesha.

Wameamua nihamie chumba cha kufulia. Jana nilisimama kwenye mlango wake mashine zote zikiwa zinazunguka. Nilikaa dakika tatu, nikatapika. Rufaa wanapokea hadi tarehe 22.

Barua yako ya tarehe 24 nimeisoma mara nne nikitafuta jibu la swali langu. Nimekuta goti, beseni na gurudumu.

Rula


14 Mei

Mpwa wangu Rula,

Mama yako anajua. Nilimpelekea barua yako ya mwisho akaisoma amesimama, na goti lake vilevile. Akanirudishia. "Maneno umeyatia wewe. Nenda ukayatoe wewe." Hajanisemesha tangu asubuhi, na ngazi zake anapanda akinipita kama nguzo.

Umeuliza pale pameandikwa nini. Pameandikwa: Anahesabu pumzi. Haisikiki. Basi. Midomo inatikisika sekunde tatu. Tajiri alikuwa mlangoni anatazama saa. Akasema, "Mdomo unacheza, watu watadhani sauti imekatika. Weka kitu." Nikaweka "Watu kama mimi hatukosei." Kuifikiria ilinichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba ya kiatu. Ilikaa vizuri kwenye mdomo, na mimi nikaona nimemsifu huyo mwanamke.

Swali lako la Februari nalo nalijibu. Haikutokea tu. Yule dada alikuwa anasoma kama mashine ya benki, nikamwambia siyo hivyo, ngoja nikuonyeshe. Nikakuigiza wewe. Unavyoishusha sentensi mwishoni kama mtu anayeweka kikombe mezani. Unavyoanza na tarehe ndipo useme jambo. Yule dada akacheka, fundi mitambo akacheka, na mimi nikacheka. Kilichonifunga mkono miezi yote hii ni hicho, saini ya Tajiri nilikutajia tu kama kisingizio.

Barua kwa kamati imo humu, ina jina langu kamili, anwani na kazi yangu. Nakala ya ukurasa imo pia. Nimeitoa bila ruhusa. Vitumie utakavyo.

Mjomba wako.


4 Juni

Mjomba, shikamoo.

Huku sote wazima. Mashine ya mvuke haijaharibika kwa siku kumi na tisa, tunaiogopa.

Bahasha yako ilifika tarehe 20. Ulikuwa umeandika dakika ya 70, nikasahihisha kwa penseli, nikaipeleka tarehe 21 asubuhi. Rufaa ilisikilizwa tarehe 30. Mwenyekiti aliweka daftari la zamu na ukurasa wako sambamba mezani, akamuuliza Mkuu, "Hii sentensi uliitoa wapi?"

"Kwenye filamu, mheshimiwa."

"Na filamu iliitoa wapi?"

Mwenyekiti akasoma barua yako kwa sauti, yote, mpaka pale mlipocheka. Nilikuwa nimekwishaisoma, lakini kusikia mtu mwingine akiisoma ni kitu kingine. Niliangalia kalamu ya katibu mpaka barua ikaisha.

Nimerudishwa kwenye trei kuanzia tarehe 2. Bi Miwani anasoma, mimi nagusa. Sasa imeandikwa ukutani kwamba trei haifungwi na mtu mmoja, awe nani. Onyo limebaki kwenye faili langu, na ni haki, maana koleo halikuwemo kweli. Mkuu hanisemeshi. Nadhani anaona nimemvunjia heshima kwa kukosea.

Kuhusu kuniigiza, nilikasirika siku tano. Bi Miwani aliyeisikia filamu anasema ulinipata vizuri, ila umesahau kwamba nacheka. Anasema mle ndani sicheki hata mara moja.

Mwambie Mama kwamba chumba ninacho bado.

Rula


27 Juni

Mpwa wangu,

Mama yako nilimwambia siku ileile. Alikaa kwenye ngazi ya chini akajifunika uso kwa kanga, kisha akaniuliza kama nimekula. Kwa hiyo tunasemeshana. Binamu yako kanunua mkokoteni wake mwenyewe, wa nini sijui, sasa anasema hahami tena.

Mimi sipo studio. Katibu wa kamati yenu alipiga simu kuhakiki ule ukurasa, Tajiri akapokea mwenyewe. Hakupiga kelele. Alinionyesha saini yangu, akaniuliza kama ni yangu, nikasema ni yangu. Fundi mitambo alinisindikiza hadi nje akaniambia, "Mzee, ungeomba tu radhi." Sehemu ya pili amepewa kijana mmoja mwepesi. Nasikia humo ndani kuna Vikokotoo wawili, ndugu, na wanachukiana.

Silalamiki. Nilikuwa nimechoka na ukelele. Ila nyumba imekuwa kimya kuliko nilivyozoea. Nakaa mezani asubuhi nasikia friji.

Kuna kitu kimoja nataka kukijua, wala sitakasirika. Ulipoipeleka ile bahasha, ulijua kwamba watampigia Tajiri?

Mjomba wako.


6 Julai

Mjomba, shikamoo.

Mimi mzima. Mama aliniandikia mistari minne, mitatu ilikuwa juu yako. Anasema unavaa shati lilelile na kwamba kimya chako anakisikia kutoka kwake.

Nilijua. Kamati huhakiki kila karatasi, isiyohakikiwa haina kazi. Namba ya simu ya studio niliwaandikia mimi mwenyewe juu ya bahasha. Sikukuuliza kwanza, kwa sababu barua inachukua siku sita na zilikuwa zimebaki mbili. Ningeweza kukupigia simu. Nilisimama na simu mkononi. Nikaona ukisema "subiri kidogo mama" nitasubiri, kwa sababu wewe ni mjomba wangu, na tarehe 23 ningekuwa chumba cha kufulia.

Ingerudi siku ile ningefanya vilevile. Na kazi yako kupotea kumeniuma, na bado kunaniuma. Watu wanadhani hivyo viwili haviwezi kukaa pamoja ndani ya mtu mmoja. Kwangu vimekaa tangu ilipofika barua yako.

Sasa sikiliza. Chumba changu kina kitanda kimoja na kochi moja. Sijawahi kulaza mgeni. Njoo tarehe 19, ukae siku nane. Nilijaribu kufikiria tisa, nikashindwa. Usije na redio. Manukato yako yaache huko. Asubuhi usinisemeshe mpaka nimalize chai. Nikirudi kazini ongea unavyotaka hadi saa mbili usiku, nitasikiliza, na nikinyamaza usijaze.

Ukifika, gonga mara moja tu. Nitakuwa nimeshasimama nyuma ya mlango.

Rula